Takwimu zilipopishana, kisha runinga zikanyamaza: jibu kwa mwalimu wa Kitale

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili karibu na Kitale. Agosti 2022, baada ya kura ya urais, tulikesha siku tatu mbele ya runinga. Stesheni moja ilisema Ruto anaongoza, ukibonyeza rimoti unakuta Raila yuko mbele, na ya tatu inasema wako bega kwa bega. Kisha takwimu zikasimama. Wakaleta wachambuzi na mijadala, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Baba yangu ana miaka 81 na tangu enzi za Sauti ya Kenya hakuwahi kukosa taarifa ya saa moja. Siku hiyo aliizima redio, na mpaka leo anasema wanahabari ni waongo waliolipwa. Je, walilipwa? Na 2027 nimwambie nini, au nikubali tu kwamba habari za uchaguzi siku hizi ni za WhatsApp?

Jibu:

Mwalimu, mpe mzee salamu zangu kabla hujamsomea barua hii, na umwambie kwamba sikusudii kumwondolea hasira yake. Ana haki nayo. Ila nadhani ameielekeza pasipostahili.

Nimekuwa mhariri kwa zaidi ya miaka ishirini, na chaguzi nne kuu zimenikuta ndani ya chumba cha habari. Tangu Agosti ile nimewauliza wenzangu wengi swali lako la kwanza, na sijaonyeshwa ushahidi wowote kwamba kuna aliyelipwa ili takwimu zipinde au zisimame. Niliyoyaona mimi ni uchovu, woga, na mazoea mabaya ya kumchukulia mtazamaji kama mtoto asiyeweza kuelezwa hesabu. Takwimu kupishana halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutosema zinahesabiwa vipi, na kubwa zaidi, kuziondoa bila neno.

Nianze na kupishana, kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu na hapa ndipo Wakenya wengi walipopotezwa.

Mwaka ule Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzifungua. Vituo vilikuwa 46,229. Lakini tofauti na 2013 na 2017, tume haikuonyesha jumla inayopanda dakika kwa dakika. Iliweka fomu ikasema, kwa vitendo, jumlisheni wenyewe. Sasa picha ya fomu si namba iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta. Lazima mtu aifungue, asome mwandiko wa msimamizi wa kituo ambaye naye amekesha, aandike kura za wagombea wanne, kisha afungue nyingine. Mpe dakika mbili kwa kila fomu. Unapata dakika 92,458, zaidi ya saa 1,540 za kazi. Waweke vijana hamsini kwenye kompyuta hamsini: ni karibu saa 31 mfululizo bila kula, bila kulala, bila kwenda msalani, na hapo hujahakiki hata fomu moja mara ya pili.

Kwa hiyo kila chumba cha habari kilikuwa na sehemu tu ya fomu, na kila kimoja kilikuwa na sehemu yake. Chukua vyumba viwili vya kufikirika. Cha kwanza kinafuata namba za kaunti: 001 Mombasa, 002 Kwale, 003 Kilifi. Zote tatu Raila alishinda. Cha pili kinafuata alfabeti: Baringo, Bomet, Bungoma. Zote tatu Ruto alishinda. Saa mbili usiku chumba cha kwanza kina Raila mbele kwa mbali, cha pili kina Ruto mbele kwa mbali, na hakuna mtu hata mmoja aliyeandika namba ya uongo. Mtazamaji wa Kitale mwenye rimoti mkononi anaona wizi. Mwenye orodha ya kaunti mkononi angeona mpangilio.

Kwenu huko kwenye mahindi mnalijua bambo, kile chuma cha kuchoma gunia ili kutoa punje za ndani. Mnunuzi mwenye akili hachoti kiganja juu ya gunia akasema mzigo wote ni mkavu. Anachoma gunia hili na lile, juu, katikati na chini, ndipo anaamua. Kundi la waangalizi wa ndani, ELOG, lilifanya hivyo hasa: lilichagua vituo 1,000 mapema kwa bahati nasibu, nchi nzima, likakusanya matokeo ya vituo hivyo na kutoa makadirio ambayo yalilandana na tangazo la tume. Runinga zetu zilikuwa na fomu nyingi kuliko hizo mara kadhaa, lakini zilikuwa zikichota juu ya gunia. Fomu elfu kumi zilizokuja kwa mpangilio wowote uliotokea zinaweza kukupoteza kuliko fomu elfu moja zilizochaguliwa vizuri. Hilo wanafunzi wako wa kidato cha tatu wanalielewa. Lingeelezwa kwenye skrini kwa dakika moja kila nusu saa, na mzee angelielewa pia.

Kisha kumbuka mbio zenyewe zilikuwa za karibu mno. Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alitangaza William Ruto 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Igawanye kwa vituo 46,229: kura tano kwa kituo. Tano! Katika mbio za namna hiyo, uongozi wowote unaouona kabla ya gunia kwisha unaweza kugeuka mara tatu kwa siku, na mhariri aliyeweka picha ya mgombea mmoja kubwa na ya mwenzake ndogo alikuwa anasema jambo ambalo namba zake hazikulisema.

Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilitoa taarifa wakati ule, likisema tofauti za takwimu zinatia wasiwasi na kwamba linazungumza na wakuu wa vyombo ili kutafuta namna ya kuoanisha. Niseme wazi kwamba sikukubaliana na wazo hilo na bado sikubaliani nalo. Ukilazimisha stesheni tatu zionyeshe namba moja, umepoteza mashahidi watatu na kubaki na mmoja. Hatukuhitaji namba zifanane. Tulihitaji kila stesheni iseme: hizi ni fomu ngapi, zimetoka kaunti zipi, zipi hatujazigusa.

Sasa nije kwenye kunyamaza, ambako ndiko kulikomfanya mzee azime redio.

Siku hizo nilikuwa mgeni katika chumba kimoja cha habari jijini Nairobi, nimeitwa kusaidia zamu ya usiku. Sitakitaja. Vijana waliokuwa wakiingiza fomu walikuwa na siku ya tatu bila kulala vizuri, macho mekundu, wengine wanaandika 230 badala ya 320 na kujishtukia. Uongozi ulikuwa na hofu ya aina mbili. Ya kwanza ni kukosea na kuwasha moto. Ya pili, ambayo haikusemwa kwa sauti, ni kuwa wa kwanza kufikia mwisho, kwa sababu chombo kitakachofika mwisho kabla ya tume kitakuwa kimemtangaza rais, hata kama sheria inasema ni mwenyekiti wa tume pekee anayetangaza. Kila chumba kilikuwa kinamtazama jirani: wewe umefika asilimia ngapi? Mwishowe nikasikia mkubwa mmoja akisema, "Tupumzishe kidogo." Basi. Jedwali likaondolewa kwenye skrini. Niliuliza tutawaambia nini watu, nikaambiwa watu watasubiri Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako tume ilijumlishia na kutangazia matokeo ya urais. Nilikaa kimya pia, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Maelezo yalipokuja kutoka kwa vyombo mbalimbali, yalikuja vipande vipande: kazi ni kubwa, watu wamechoka, hatushindani na mtu. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini mtu aliyekesha nawe siku tatu anastahili kuambiwa uso kwa uso, kwenye taarifa ile ile ya saa moja, kwamba tumefika fomu hii, tunasimama kwa sababu hii, na kazi yetu yote tuliyoifanya iko hapa, itazame. Badala yake Wakenya wakaanza kufungua mashirika ya nje kujua matokeo ya uchaguzi wao wenyewe. Fomu zilikuwa Nairobi, waandishi walikuwa Nairobi, na mtu wa Kitale anaisoma Reuters ili ajue Trans Nzoia imepigaje kura. Na penye pengo lile wakaingia watu wa WhatsApp na jumla zao za kubuni, maana nafasi tupu haikai tupu usiku wa uchaguzi.

Mzee hakuanza kukasirika 2022, nina hakika. Mtu wa miaka 81 amebeba kumbukumbu nyingine.

Ya 2007 anaijua vizuri. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Nilikuwa kijana wa dawati la usiku, nikipokea matokeo ya majimbo kwa simu kutoka kwa waandishi wa mashinani na kuyaandika kwa kalamu kwenye karatasi kubwa ukutani. Tarehe 30 tume ya wakati huo chini ya Samuel Kivuitu ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi kwa 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila. Tangazo lilirushwa na KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake, na Kibaki akaapishwa Ikulu jioni ile ile. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki zilizofuata. Mapema Januari magazeti yaliamka na kichwa kimoja cha habari, wote kwa pamoja tukiomba nchi iokolewe, na ilikuwa sawa kuomba. Lakini swali ambalo kila mtu alikuwa nalo, yaani karatasi zetu za ukutani zilisema nini, hatukulijibu ipasavyo. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipomaliza kazi mwaka 2008, ilisema hesabu ilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Ukweli huo tungepaswa kuwa tumeanza kuujenga sisi, jimbo kwa jimbo, miezi tisa kabla.

Somo tulilolichukua 2007 lilikuwa somo pungufu. Tulijifunza kuogopa. Ndiyo maana 2013, mashine za kutambua wapiga kura zilipokwama na mtandao wa kutuma matokeo ukazimika, tulihubiri amani kwa bidii kuliko tulivyouliza maswali. Unakumbuka skrini ya Bomas? Kura zilizokataliwa zilifika zaidi ya laki tatu, zikiwa zimejadiliwa mbashara kwa siku nzima na wachambuzi waliokokotoa kama zitahesabiwa kwenye asilimia au la. Baadaye tume ikasema kulikuwa na hitilafu kwenye programu, ilikuwa inazizidisha kwa nane. Mwishowe zikawa 108,975. Sisi tulikuwa tumerusha namba hiyo kama ilivyo. Kura za kukataliwa zinapokuwa nyingi hivyo, mwalimu wa hisabati anashtuka na kurudi kwenye fomu. Mhariri anapaswa kushtuka vilevile.

Halafu 2017. Safari hii tuliinamia kabisa kwenye namba za tume. Jumla ilipanda kwenye tovuti, sisi tukaipandisha kwenye skrini, na tofauti ya wagombea ikabaki karibu ile ile saa baada ya saa. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa urais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa namna matokeo yalivyotumwa na fomu zilizokosekana. Mbele ya mahakama upande wa tume ulieleza kwamba zile namba zilizokuwa kwenye tovuti zilikuwa takwimu tu, hazikuwa matokeo. Fikiria mtu aliyezitazama kwenye runinga ya chombo anachokiamini, chini ya kichwa kilichoandikwa matokeo! Hakuna stesheni iliyosimama kuomba radhi kwa kiwango kilichotosha. Tuliripoti hukumu kama vile sisi hatukuwa sehemu ya kesi.

Kwa hiyo 2013 na 2017 tulikosea kwa kuiamini namba ya tume bila kugusa fomu. 2022 tulipewa fomu, tukazigusa, tukaanza kazi ya heshima kuliko zote tulizowahi kufanya usiku wa uchaguzi, kisha tukaiacha njiani. Nakasirika zaidi juu ya 2022 kwa sababu hiyo. Safari hii tulikuwa na kila kitu mkononi.

Nitakupa mfano mmoja zaidi, kwa sababu unahusu somo lako na unaonyesha uaminifu unavyopotea kwa jambo dogo. Tarehe 16 Agosti, siku moja baada ya tangazo, makamishna wanne kati ya saba wa tume, wakiongozwa na Juliana Cherera, walisema asilimia za wagombea zilizotangazwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni takribani kura 142,000 zilizozidi. Maneno hayo yalirushwa mbashara na yakasambaa nchi nzima kwa saa kadhaa. Mwalimu, chukua karatasi. Kura halali za wagombea wote wanne zilikuwa 14,213,027. Asilimia 0.01 ya hizo ni kura 1,421, si 142,000. Na hizo 1,421 zenyewe hazipo. Ruto alipata 50.4899, ikaandikwa 50.49. Raila 48.849, ikaandikwa 48.85. Wajackoyah 0.436, ikawa 0.44. Waihiga 0.225 na ushei, ikawa 0.23. Zote nne zilikadiriwa kwenda juu, ndiyo maana jumla ikazidi kidogo. Makamishna walikuwa na malalamiko mengine ambayo yalistahili kusikilizwa na kwenda mahakamani, na yalikwenda. Lakini hili la asilimia lilihitaji mhariri mmoja mwenye kikokotoo na dakika tano, na mtangazaji wa kulisema hapo hapo, kabla matangazo hayajakatika. Wako waliolisema, tena vizuri, ila baadaye, na lililotangulia lilikuwa limeshafika sokoni.

Ukitaka kuona namna nyingine ya kubeba kosa, tazama Marekani mwaka 2000. Usiku wa tarehe 7 Novemba runinga kubwa za huko zilimpa Al Gore jimbo la Florida, zikaliondoa, zikampa George W. Bush, zikaliondoa tena. Aibu kubwa kuliko yetu. Lakini mapema 2001 CNN ilikuwa imeshawaita watu wa nje wachunguze ilivyofanya, na ripoti yao iliyowakosoa vikali ikatolewa hadharani, na wakuu wa mashirika hayo ya runinga wakakaa mbele ya kamati ya Bunge kuulizwa. Sisemi kwamba Wamarekani sasa wanaaminiana na runinga zao, la hasha. Nasema kosa lile lina maelezo kamili yanayosomeka mpaka leo. La kwetu la 2022 sijayaona. Sijakiona chombo kikubwa cha Kenya kilichochapisha jedwali lake lote la fomu pamoja na maelezo ya saa kilipoanza, saa kilipoacha, na nani aliamua.

Rudi kwenye swali la kulipwa, maana sitaki uone nimelikwepa. Pesa zipo, lakini haziji ndani ya bahasha usiku wa kura. Serikali ni mteja mkubwa wa matangazo, na deni lake kwa vyombo vya habari ni malalamiko ya miaka mingi. Machi 2024 lilitoka agizo kwamba matangazo ya serikali yaelekezwe KBC, na kila mhariri alielewa ujumbe. Kuna wamiliki wenye jamaa na marafiki kwenye siasa, na 2022 wako walioonyesha wazi waliko. Na kuna swichi. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipokula kiapo cha mfano Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na nyingine hazikurudi hewani kwa siku nyingi hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru ziwashwe. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, mpaka mahakama ilipoisimamisha amri hiyo. Mhariri anayejua hayo hahitaji kupigiwa simu na mtu. Anajizuia mwenyewe. Hilo mzee anaweza kuliita kulipwa akitaka, nami sitabishana naye sana, ila dawa yake ni tofauti na dawa ya rushwa. Anayejizuia kwa woga hupata nguvu akijua watu wako nyuma yake wakidai aseme. Watu wakimwacha na kwenda WhatsApp, anabaki na wenye swichi peke yao.

Tena usidhani kila Mkenya ameachana nasi. Utafiti wa Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford wa 2024 uliiweka Kenya karibu na kilele duniani kwa watu kuamini habari, asilimia 64, chini ya Finland yenye 69. Lakini huo uliuliza watu walio mtandaoni wanaotumia Kiingereza. Baba yako na redio yake hayumo humo, na wazee kama yeye ndio waliotulea kikazi. Namba hiyo isitulaze usingizi.

Sasa 2027. Kura ni Jumanne tarehe 10 Agosti, na tume ina mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, tangu Julai 2025. Wahariri ninaowafundisha nawaambia waanze sasa, si wiki ya mwisho. Wakubaliane kugawana kazi ya kuingiza fomu ikiwa hawana watu, lakini kila mmoja aonyeshe jumla yake na kutia sahihi yake. Waanze na sampuli ya vituo iliyochaguliwa mapema. Waonyeshe ramani ya kaunti zilizoingia na ambazo bado. Jedwali lote liwekwe wazi ili mwalimu wa Kitale alipakue na kulikagua akitaka. Na kabla ya siku ya kura watangaze kwa maneno mepesi kwamba hawatasimama, au wakisimama watasema saa na sababu. Kisheria njia iko wazi: Mahakama ya Rufaa ilishaamua Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yanayotangazwa mashinani ndiyo ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Kujumlisha kilichokwisha kutangazwa hadharani si kumtangaza rais.

Wewe nawe dai hayo. Piga simu kwenye kipindi cha asubuhi, muulize mtangazaji fomu zenu zinatoka kaunti zipi. Akishindwa kukujibu, umeshajua uzito wa namba yake. Akikujibu, mpe sikio hata kama namba haikupendezi. Kwenye WhatsApp uliza swali hilo hilo, na utaona kundi litakavyonyamaza, kwa sababu mle hakuna hata mtu wa kulijibu.

Kwa mzee sikushauri umshawishi. Ana miaka yake, na maneno yetu ameyasikia ya kutosha. Fanya hivi: kura zikishahesabiwa kwenye kituo chake, nakala ya Fomu 34A inatakiwa kubandikwa mlangoni. Nenda naye, au nenda kwa niaba yake ukaipige picha. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ni namba ndogo, zinakaa kichwani. Mwache aziandike kwa mkono wake kwenye daftari. Usiku, tume ikipandisha picha za fomu kama ilivyofanya 2022, fungua ya kituo chake kwenye simu, muiweke kando ya daftari. Kisha washa ile redio aliyoizima. Ikisema imefika Trans Nzoia, piga uwaulize kituo chenu wamekiandikaje. Wakikisoma sawa na daftari la mzee, atakuwa na kituo kimoja kati ya maelfu ambacho hakuhitaji kumwamini mtu yeyote. Wakikisoma vingine, mpe simu aongee nao mwenyewe.